Jioni Moja Mkahawani: Mji wa Kale wa Mombasa na Adabu ya Kula Pamoja



Katika zama hizi tulizonazo, jambo la kwenda kula nje ya nyumba limeenea katika miji yetu ya pwani hata limekuwa desturi. Zamani aliyekula mkahawani alikuwa ni msafiri, au kapera, au mchukuzi wa bandarini ambaye kwao ni mbali. Mwenye mke na jiko lake alikula kwake, na mgeni wake alimlisha kwake. Leo mambo si hayo. Ifikapo jioni ya Ijumaa au Jumamosi, utawaona vijana na watu wazima pamoja na aila zao wamejaa katika mikahawa mipya ya mitaani, nao hawakutolewa majumbani na njaa. Wametoka ili wakutane.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wazee wasemao kwamba huu ni uharibifu wa mali na kuvunja heshima ya nyumba. Na wako vijana wasemao kwamba wazee hawapendi kuona watu wakifurahi. Sisi hatukukusudia katika makala haya kuwa wakili wa upande wowote. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu, wake kwa waume, habari za mkahawa mmoja tuliokwenda pamoja na marafiki zetu katika Mji wa Kale wa Mombasa: mtaa wake ulivyo, chakula chake kilivyo, na jambo moja tuliloliona pale. Jambo hilo kwa rai yetu ndilo lipasalo kuulizwa kabla ya kuuliza bei ya biriani, nalo ni hili: je, meza hii ina nafasi ya rafiki asiye na kitu?

MKAHAWA SI MGENI KWETU

Yafaa kwanza tujue kwamba neno lenyewe mkahawa limetokana na kahawa, na kahawa ni kitu ambacho ulimwengu umekipata kwa mikono ya Waislamu. Mbuni asili yake ni nchi ya Uhabeshi; lakini habari za yakini za watu kuipika kahawa na kuinywa zaanzia Yaman katika karne ya 15, ambako masufi waliinywa usiku ili wasishikwe na usingizi katika dhikri zao. Kutoka Yaman ikaingia Makka na Madina, kisha Misri. Mwaka 1511 mkubwa wa mji wa Makka, jina lake Khair Beg, aliwakuta watu wamekusanyika usiku wakinywa kahawa. Akawaita wanazuoni na matabibu, kisha akaipiga marufuku. Amri hiyo haikudumu, kwani ilipofika Kairo kwa Sultani, kilichokatazwa kilikuwa ni mikutano yenye mambo maovu, na kahawa yenyewe ikaachwa.

Yapata mwaka 1555 watu wawili wa Sham, mmoja wa Halab na mmoja wa Damaski, walifungua nyumba za kahawa katika mji wa Istanbul. Wakaingia humo makadhi, walimu, washairi na watu wasio na kazi. Hawa wakisoma vitabu, wale wakicheza sataranji. Maimamu wakalalamika kwamba misikiti imekuwa mitupu na nyumba za kahawa zimejaa. Na mji wa London haukupata nyumba ya kahawa ila mwaka 1652, karibu miaka mia baadaye.

Basi msomaji ataona kwamba ugomvi wa leo baina ya wazee na vijana ni ugomvi mkongwe, wenye umri wa miaka 500. Na hukumu iliyotoka Kairo yatufaa hata leo: kwanza kipambanuliwe kitu chenyewe na yale yatendwayo penye kitu hicho.

Huku kwetu kahawa ilikuwa barazani kabla ya kupata meza na viti. Muuzaji hupita na dele lake la shaba lenye makaa chini yake, akivigonganisha vikombe mkononi ili watu wajue kwamba amefika. Aliye na sarafu hunywa, na asiye nayo hunyweshwa na jirani yake, wala hapana aandikaye. Kwa hivyo baraza lilikuwa ni mkahawa usio na mlango.

NJIA YA KWENDA

Sisi twakaa Likoni, na Jumamosi hiyo baada ya swala ya Alasiri tulivuka kwa feri. Tulikuwa watu wanne: sisi, na mwalimu mwenzetu wa madrasa, na mzee aliyekuwa karani bandarini ambaye sasa amestaafu, na fundi mmoja wa kanzu ambaye tumejuana naye tangu tulipokaa jamvi moja la kusomea Qur'ani. Katika feri ya Likoni waendao kwa miguu hawatozwi kitu. Mwenye duka na mpagazi husimama sakafu moja, bega kwa bega, na wote hungoja mlango mmoja ushushwe.

Tuliingia Mji wa Kale kwa upande wa Ngomeni, yaani ngome ya Fort Jesus. Wareno waliianza ngome hiyo mwaka 1593, na Waarabu wa Omani wakawatoa humo mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu. Mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Karibu na hapo ndipo ianziapo Ndia Kuu, na jina hili limehifadhi lafudhi ya Kimvita, kwani Wamvita husema ndia pale wengine wasemapo njia. Ni kuu kwa jina na kwa cheo. Ama kwa upana, gari mbili zikikutana humo hapana budi moja irudi nyuma.

Nyumba za mtaa huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Milango ina nakshi, na roshani za mbao zimetokeza juu ya njia, hata mwanamke aliye ghorofani humwona apitaye chini bila ya kuonekana. Nyingine zimetengenezwa na kupakwa chokaa mpya. Nyingine kuta zimepasuka na miti imeota dirishani. Ndani zaidi upo Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe umechongoka kama mkate wa sukari. Harufu ya mtaa wakati huo wa magharibi ni mchanganyiko wa udi, chumvi ya bahari na viazi karai vinavyokaangwa milangoni mwa nyumba. Mama mmoja alikuwa na karai lake kibarazani, na watoto watano wamemzunguka, kila mmoja na sarafu zake. Na mdogo wao ambaye hakuwa na sarafu alipewa kipande kilichovunjika. Tulipita, tukaswali Magharibi katika msikiti wa karibu, kisha tukaenda zetu tulikokusudia.

NYUMBA YENYEWE

Mkahawa huo hatuutaji jina, kwani makala haya si tangazo la biashara. Ni nyumba ya zamani ya kukaa watu ambayo imegeuzwa kuwa mahali pa kula, nayo ndiyo isifiwayo sana na vijana wa mjini wakati huu. Mlango wa nakshi umesafishwa ukang'aa. Ndani yametandikwa mikeka na mito kwa wapendao kukaa chini, na ukutani zimetundikwa sahani za kaure na picha za majahazi. Chumba cha ndani kimetengwa kwa ajili ya aila, chenye pazia, ili wanawake wapate kula kwa raha. Ghorofa ya juu iko wazi kwa upepo, na huko ndiko kwenye meza na viti.

Yatupasa kusema haki: mahali palikuwa safi, maji ya kunawa yalikuwapo na sabuni yake, na watumishi walikuwa na adabu. Hapakuwa na ulevi wala kelele za ngoma. Mwenye mkahawa alitueleza kwamba kaimati na achari hakupiki yeye. Huletewa kila siku na akina mama wa mtaa wanaozipika majumbani kwao. Basi asemaye kwamba mikahawa hii haina faida kwa mtaa, naye awahesabu wanawake hao na ada za shule wanazolipia watoto wao.

Wengi waliokuwapo walikuwa ni vijana. Tuliona kitu ambacho wazee wenzetu watakijua. Chakula kililetwa mbele ya kundi moja, na hapana aliyenyosha mkono. Kwanza simu zilitolewa, sahani zikasogezwa huku na huku, mmoja akasimama juu ya kiti ili aipige picha meza nzima kutoka juu, na wali ukawa unapoa. Mzee karani akatunong'oneza: "Hawa wanasoma dua gani ndefu hivi kabla ya kula?" Tulicheka. Lakini hatukuona kwamba ni dhambi kubwa kijana kupenda uzuri wa chakula chake. Tuliona tu kwamba picha ilipokwisha kupigwa, watatu katika wale waliendelea kutazama simu zao hata sahani zilipoondolewa, na waliotoka majumbani ili wakutane walikuwa bado hawajakutana.

YALIYOMO KATIKA ORODHA

Kijana mtumishi alituletea orodha ya vyakula, kila kimoja na bei yake kando. Humo mlikuwa na biriani na pilau, wali wa nazi kwa kuku wa kupaka, samaki wa kupaka, mishkaki, mkate wa mofa, viazi karai, mahamri kwa mbaazi, sambusa, kaimati, sharbati ya ukwaju na kahawa ya tangawizi. Na mwisho wake baga na chipsi kwa wale ambao chakula cha mama zao kimewachosha.

Ajaye pwani akataka kuijua tarikhi yetu, na aisome orodha kama hii. Pilau na biriani ni majina ya Kiajemi ambayo yalipita Bara Hindi kabla ya kufika kwetu. Kaimati ni neno la Kiarabu lenye maana ya matonge madogo madogo. Na sinia, ambalo kila nyumba ya Mwislamu inalo, jina lake la Kiarabu lamaanisha kitu cha Kichina. Vyote hivyo vililetwa na pepo mbili: kaskazi iliyosukuma majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarudisha makwao.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Maghribi, alipita katika pwani hii. Huko Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, katika chano kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Na kando yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, na pilipili, tangawizi na maembe. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki, na kwamba ni watu wa dini na wema, na misikiti yao ni ya mbao. Kwa hivyo wali wa samli, kitoweo juu yake na achari kando yake ni mambo ambayo pwani hii imeyajua tangu karibu miaka 700. Na jambo jingine latokea katika habari zake: mgeni yule hakupewa orodha yenye bei. Alipewa chano.

FUNDI NA SINIA

Sasa twafika katika jambo lenyewe. Fundi wetu aliichukua orodha, akaisoma kutoka juu hata chini, kisha akaisoma tena. Sahani moja ya biriani ya mbuzi ilikuwa ni shilingi 600. Akaikunja, akaiweka chini, akasema: "Mimi nitakunywa kahawa tu. Adhuhuri nimekula chakula kizito."

Mwalimu mwenzetu alifungua kinywa kutaka kumbishia, na mzee karani akamgusa goti, akanyamaza. Mzee akamwita mtumishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa hamna sinia?"

"Lipo, mzee. Biriani ya watu wanne. Lakini wateja wengi siku hizi huagiza sahani, kila mtu na yake."

"Tuletee sinia. Na hesabu yake usiilete hapa. Nitakuja mwenyewe kukufuata huko chini."

Kisha akamgeukia fundi, akasema naye kama mtu aombaye msaada: "Fundi, sinia la watu wanne likikaliwa na watu watatu litabaki. Na kubakisha chakula wajua yaliyosemwa juu yake. Tusaidie, ndugu yangu, hata kama umeshiba."

Fundi akacheka, akaikunja mikono ya kanzu yake, akaenda kunawa.

Sinia lilipokuja tulihamia mkekani. Wali ulikuwa wa rangi mbili, mweupe na wa zafarani, na nyama na viazi vilikuwa chini yake katika rojo zito la vitunguu. Na kando yake kachumbari, ndizi mbivu na achari ya ndimu. Tulisema Bismillahi, kila mtu akala kilichokuwa mbele yake, kama alivyofunzwa mtoto Umar bin Abi Salama na Mtume wetu (S.A.W.). Lakini tuliona kwamba mzee karani kila apatapo pande la nyama katika upande wake alilisukuma kwa ncha ya kidole hata likaingia katika upande wa fundi, huku akiendelea kuzungumza habari za meli za zamani, macho yake yakiwa kwingine kabisa. Aliyeshiba tangu adhuhuri alikula kama tulivyokula sote, na sinia likarudi jikoni likiwa tupu.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu, na cha watatu chawatosha wanne. Tumewasomesha watoto hadithi hii kwa miaka mingi, nao huidhania kuwa ni habari ya wingi wa chakula. Pale tuliona maana nyingine pamoja na hiyo: katika sinia hapana fungu la mtu, na pasipo na fungu la mtu hapana ajulikanaye kuwa fungu lake ni dogo.

MEZA YA JIRANI

Karibu nasi walikuwapo vijana watano, yaonekana ni marafiki waliosoma pamoja. Wanne wao walikula mishkaki na kuku na kunywa sharbati za namna mbili tatu; wa tano alikunywa sharbati moja, akasema tumbo lake si zuri. Hesabu ilipoletwa, mmoja wao akasema kwa furaha: "Tugawe sawa kwa sawa, tusisumbuane." Wakatoa simu zao walipe kwa M-Pesa. Yule wa tano akasema ana simu ya kupiga, akatoka nje, akakawia. Aliporudi alilipa fungu lake kamili, akaaga upesi. Fedha hizo alizipata kwa nani hatukujua. Wenziwe hawakuwa watu wabaya; hapana hata mmoja aliyekusudia kumwumiza. Walidhani kugawa sawa ni uadilifu.

Hapa ndipo penye hatari. Sawa kwa sawa ni uadilifu baina ya walio sawa. Ama baina ya mwenye mshahara na atafutaye kazi, ni mlango unaofungwa polepole. Mara ya kwanza mtu atakopa. Mara ya pili atasema tumbo lauma. Mara ya tatu hataonekana, na wenziwe watasema amejitenga, au amekuwa na kiburi.

Tuliporudi katika feri usiku ule, fundi alisema maneno ambayo hatukuyatazamia. Alisema: "Tangu kanzu zilizoshonwa tayari zianze kuja kwa marobota kutoka ng'ambo, kwangu haiingii kazi ila Ramadhani. Nilikuwa nimekwisha kuazimia kwamba leo ndiyo mara yangu ya mwisho kutoka nanyi. Mtu hachoki na rafiki zake. Huchoka kutafuta udhuru." Mzee karani hakumwambia pole. Alimwuliza tu kama aweza kumshonea kanzu mbili kabla ya Idi, moja yake na moja ya mjukuu wake, na wakaanza kuzungumza habari za kitambaa.

KULA KIKOA

Wazee wetu wa pwani walikuwa na desturi iitwayo kula kikoa. Marafiki au majirani hula pamoja kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, hata duru ikamilike. Kila mmoja hupika kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye nacho hupika pilau, na asiye nacho hupika muhogo, wala wa muhogo haambiwi kwamba amepunguza, kwa kuwa zamu yake ameitimiza. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hiyo ndiyo hesabu yake, na hesabu hiyo haina shilingi.

Sisi twaona kwamba dawa ya mambo haya ni kuingiza kikoa katika mkahawa. Mkahawa uwe ni zamu ya yule awezaye mkahawa, na zamu ya mwenziwe iwe kwake nyumbani au barazani, na zote mbili zihesabiwe kuwa ni zamu sawa. Wiki mbili baada ya jioni ile fundi alitualika kwake. Mkewe alitupikia muhogo wa nazi kwa papa, na binti yake akatuletea kahawa. Hapakuwa na nakshi mlangoni wala picha ya jahazi ukutani, na fundi alikaa kitako mbele ya sinia lake akituhimiza tule, kama mtu mwenye mji wake.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa ajili ya vijana wetu na aila zetu, tumeyakusanya haya machache:

1. Mwenye kualika ndiye mwenye kulipa, na aseme hivyo mapema. Na ikiwa ni kuchanga, isemwe kabla ya watu kutoka majumbani, na kila mtu alipie alichokula.

2. Mahali pachaguliwe kwa kupima mfuko wa aliye dhaifu katika kundi. Mwenye uwezo hapungukiwi kitu kwa kula viazi karai kibarazani.

3. Rafiki akisema ameshiba, asibishiwe mbele za watu wala asichunguzwe. Itafutwe njia ya kumlisha isiyomlazimisha kueleza hali yake.

4. Nyumba kwanza. Deni la duka na ada ya watoto vitangulie. Na si murua mume kuzijua mikahawa zote za mji ilhali mkewe anazijua kwa kusimuliwa. Nao wana haki ya kutoka, hata kama ni mara moja kwa miezi kadhaa.

5. Kiagizwe kinachoweza kulika, na kilichobaki kifungwe kipelekwe nyumbani au apewe mwenye haja. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-A'raf tule na tunywe wala tusifanye israfu.

6. Mtumishi asalimiwe, aombwe kwa upole na ashukuriwe. Chakula kisichotupendeza tukiache bila ya kukitia ila, kwani ndivyo alivyofanya Mtume wetu (S.A.W.).

7. Simu ziwekwe kando watu wakila, na asipigwe picha mtu ambaye hakuridhia.

Hatusemi kwamba kula kila mtu na sahani yake ni kosa. Sura ya An-Nur imetueleza wazi kwamba hapana ubaya kula pamoja au mbali mbali. Lakini imepokewa pia kwa Abu Huraira kwamba chakula kibaya kabisa ni cha karamu ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa. Zamani aliyeachwa aliachwa kwa kutopelekewa mwaliko. Leo mwaliko humfikia katika simu, na hubaki nje kwa sababu ya bei. Wazazi, waulizeni watoto wenu si tu walikula wapi na nini, bali pia nani katika marafiki zao hakwenda, na kwa nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki alizoturuzuku, atujaalie wenye mikono ya kutoa na ndimi za kusitiri, azidumishe suhuba zetu katika dhiki na katika faraji, na asimtenge hata mmoja wetu na wenziwe kwa sababu ya uchache wa mali. Amin.